Jinsi ya Kutokomeza Mpungate Kwenye Malisho

Ukiufyeka mpungate, ile kakati yenye miba, kwa panga na kuondoka, umeupanda upya. Kila bapa, yaani kile kipande kipana kinachofanana na jani nene, likidondoka hutoa mizizi pale linapogusa udongo, hata likiwa kipande cha ukubwa wa kiganja. Ndiyo maana malisho yaliyofyekwa mwezi wa nane yanaonekana safi, halafu vuli ikinyesha machipukizi yanajitokeza kote panga lilikopita. Kazi kubwa hapa ni kuokota na kuharibu vipande. Kukata ni sehemu ndogo tu.

Kabla hujagusa kitu, hakikisha ni mpungate kweli. Huku Dar mnyaa umejaa kwenye nyua, na wapo wanaouchanganya na jamii hii. Kwarua ngozi kidogo kwa kisu: mpungate hutoa ute usio na rangi, mnyaa hutoa maziwa meupe. Maziwa hayo yakiingia jichoni yanaunguza vibaya, kwa hiyo vaa miwani ya kazi tangu mwanzo.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba, masika yakiwa yameisha na vuli haijaanza. Ardhi ikiwa kavu, kipande ulichokisahau hakishiki mizizi haraka. Anza na mimea michache iliyotawanyika pembeni, ndipo uingie kwenye kichaka kikubwa. Mmoja mmoja wa pembeni ndio unaopanua eneo, na kuung'oa ni kazi ya dakika chache.

Andaa sululu, jembe, reki, toroli, turubai na nondo iliyochongwa ncha ya kuchomea mabapa na kuyainua bila kuyashika. Vaa buti na glovu nene za ngozi. Glovu za kitambaa hazifai kabisa. Miba mirefu unaiona na kuikwepa. Inayotesa ni ile myembamba kama manyoya, iliyokaa vishada vishada kwenye kila kijicho cha bapa, yaani kidoa kinachoota miba. Ina ncha zenye kulabu, inakatikia ndani ya ngozi na kung'ang'ania nguo. Mbuzi akila bapa au tunda, miba hiyo humchoma midomo, ulimi na hata utumbo. Vidonda vinaoza, mnyama anashindwa kula na kukonda. Ikikuingia, usisugue. Bandika selotepu pana, ivute kwa mkupuo, kisha malizia kwa kibano.

Tandika turubai chini ya mmea kadiri linavyoingia. Ondoa matunda kwanza, kwa kuwa yamejaa mbegu, halafu shusha mabapa kuanzia juu ukikata kwenye maungio. Mwisho chimba shina mpaka mizizi ianzapo, ulitoe zima. Kisiki kikibaki kinachipua. Kwenye mchanga wa Kigamboni au Mabwepande hiyo si kazi ngumu, maana mizizi mingi haiendi chini sana. Ukimaliza, pitisha reki, kisha uinamie mwenyewe kutafuta vipande chini ya nyasi.

Mabapa mabichi hayaungui, ni maji matupu. Yaanike juu ya mabati chakavu, yasiguse udongo, mpaka yasinyae kabisa, ndipo uyachome kwa kuni kavu baada ya kuzungumza na serikali ya mtaa. Unaweza pia kuyafukia, ila juu yake pawe na udongo usiopungua mita 1. Sehemu za bondeni ambako maji yako karibu, shimo hilo halichimbiki, kwa hiyo choma. Usitupe korongoni hata kidogo. Mafuriko ya mto Msimbazi au Mzinga yatakibeba kipande kikiwa hai na kukiotesha kwa jirani wa chini.

Kichaka kikubwa kisichoingilika kinahitaji dawa. Kunyunyizia juu mara nyingi ni hasara, kwa sababu bapa lina nta na dawa inateleza. Toboa shina matundu ya mshazari yanayoelekea chini, pamoja na mabapa manene, kisha ingiza kiuagugu chenye glaifoseti kwa bomba la sindano. Kipimo fuata kibandiko, na nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Mmea huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kufa. Ukikosa subira ukaukata mapema, vipande visivyofikiwa na dawa vitaota.

Huko Laikipia, Kenya, tangu 2014 wanatumia mdudu anayefyonza mpungate, anayejifunika utando mweupe kama pamba. Anafanya kazi, lakini kila aina ya mdudu huyo hushambulia aina yake ya mpungate. Usimvushe mpakani kienyeji. Hilo ni jambo la kibali.

Baada ya hapo, kagua eneo kila msimu wa mvua unapokwisha. Chipukizi la bapa moja au mawili linang'oka kwa mkono wenye glovu. Mbegu hukaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo ukaguzi usiache mapema. Sehemu zilizobaki wazi sia nyasi za Rhodes mwanzoni mwa masika, mbegu zifunikwe kwa udongo kiasi cha sentimita 1 tu, na mifugo isiingie mpaka zishike vizuri. Malisho yaliyokwanguliwa na mifugo ndiyo mpungate unayoyapenda. Na ng'ombe au mbuzi wapya ulionunua mnadani Pugu, wafungie bomani siku kadhaa kabla ya kuwaachia: mbegu za mpungate hutoka na kinyesi zikiwa hai. Samadi ya siku hizo usiisambaze malishoni.