Ada ya masomo ya likizo: kulipa si kusajiliwa

Wanaosoma vyuo vya umma kama MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au Mkwawa Iringa, kabla ya kulipia somo la kurudia wakati wa likizo, ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi utengeneze ankara mpya. Namba ya malipo (control number) ya ankara hiyo ina tarakimu 12. Usitumie ya muhula uliopita. Kila ankara ina namba yake, nayo huisha muda. Kwenye simu chagua malipo ya serikali, na uache salio la makato.

Hapa ndipo wengi wanaumia, na inasikitisha: pesa imeingia, lakini hawakurudi kwenye akaunti kuchagua somo na kuthibitisha. Jina halionekani kwenye orodha ya mtihani. Hifadhi risiti, ukague usajili siku hiyohiyo.