Masika ndo haya, shika mvinje wako wa kwenye chungu

Wenzangu wa Tanga mnaopenda bonsai, yani miti inayofanywa midogo kwenye chungu, mawingu yameshaanza kujikusanya huko baharini na mvua mbili tatu zimeshanyesha, kwaiyo kama una mvinje kwenye chungu wiki hizi ndo za kuupogoa. Nawaona wengi mnaangalia video za Wajapani na Wazungu wakishughulikia sprusi zao, ile miti ya nchi za baridi yenye majani kama sindano, majira ya kuchipua alafu mnaulizia mche wa sprusi utapatikana wapi. Jamani ule mti unataka miezi ya baridi kali ulale kabisa ndo uamke na nguvu, sasa hapa kwetu hata Julai joto lipo, ukiletewa utadhoofika taratibu mpaka ufe. Mvinje ndo mti wetu, chumvi ya bahari unaivumilia, jua unalitaka, na ukitunzwa vizuri kwa mbali unafanana na msonobari ingawa si ndugu kabisa.

Kabla hujashika mkasi chuma uzi mmoja wa kijani uusogeze machoni. Utaona una vipingili kama muwa mdogo, na kwenye kila kifundo kuna vimeno vidogo vimezunguka. Vile vimeno ndo majani yenyewe, huo uzi wote mrefu ni kitawi. Sasa shika ncha uivute kidogo, inaachia yenyewe pale kwenye kifundo, safi, bila kuchanika. Hapo ndo siri ilipo.

Anza kwa kusafisha, ingiza vidole ndani utoe vile vikavu vya kahawia vyote ili mwanga upite, mi naweza kukaa saa nzima kwenye hatua hii tu na mti unakua mwingine. Alafu ndo mkasi, toa matawi yanayopanda wima, yanayoshuka wima, yanayopishana, na pale yalipochomoza matatu sehemu moja bakisha moja au mawili. Usizidishe theluthi ya kijani kwa mara moja. Na tawi unalolitaka usilinyoe likabaki kijiti kitupu, hata kama mvinje unachipua kwenye gome kuliko sprusi, maana sprusi ukilikata tawi mpaka pasipo na kijani ndo limekwenda hilo. Mi nina mvinje wangu wa miaka sita, tawi lake la kushoto lilikua zuri kuliko yote, nikalinyoa lote nikisubiri lichipue upya, likakauka, na mpaka leo upande ule una pengo.

Baada ya hapo mkasi weka chini utumie vidole. Wenye sprusi wanasubiri chipukizi lirefuke kama sentimita 2 au 3 alafu wanalibana na kulivuta ncha, hawalikati kwa mkasi kwa sababu majani yaliyokatwa yanageuka kahawia kwenye ncha. Na sisi vivo hivo, vuta ncha ziachie kwenye vifundo, juu vuta zaidi na chini vuta kidogo, maana nguvu za mti zinakimbilia juu na ukiuachia matawi ya chini yanakufa. Rudia kila baada ya wiki mbili tatu mpaka masika yaishe, unakua haraka sana kipindi hiki.

Kukunja matawi unaweza kutumia waya wa shaba uliomenywa kwenye nyaya za umeme, ila mi napenda kamba ya katani, ipo tele hapa kwetu, unafunga tawi unalivuta chini unaifunga kwenye chungu, pale inapogusa gome weka kitambaa. Waya uangalie kila wiki maana tawi linanenepa masika na waya unazama kwenye gome.

Maji sasa. Mtu anasema mvua inanyesha sinyweshi, kumbe majani yamekua kama mwavuli na udongo chini mkavu. Chomeka kidole. Mvinje haunyauki ukakuonya, unabaki kijani tu alafu siku moja unaushika unapukutika mkononi. Januari moja nilienda harusini Muheza siku mbili, jua la kaskazi, narudi kilele chote kimekwisha.

Kama utabadilisha chungu, fanya wiki kadhaa kabla au baada ya kupogoa, si siku moja. Kwenye mizizi utakuta vinundu vidogo vimeshikana, usivitoe, ndani yake kuna bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani wakaulisha mti, kwaiyo mizizi usiioshe ikawa mitupu na udongo wa zamani bakisha kiasi uchanganye na mpya. Mi natumia mchanga mkubwa, tofali la kuchoma lililopondwa na makumbi ya nazi, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri naweka konzi moja tu juu. Alafu chungu kikae kivulini wiki moja hivi, kisha kirudi juani moja kwa moja, sebuleni hapana.