Eksteno inagonga? Soma hapa kabla hujaniuliza

Nishachoka. Kila siku "fundi, eksteno yangu haisomi", yaani diski ya nje ya kuchomeka kwa USB. Naandika mara moja, basi.

1. Badilisha waya.

2. Badilisha tundu. Kompyuta ya mezani, chomeka nyuma. Tundu la USB 2 linatoa miliampea 500 tu, la USB 3 900. Diski ndogo ikikosa umeme hulia tik tik kama inayokata roho, kumbe ina njaa.

3. Itegee sikio. Mvumo laini, endelea. Ikigonga tak, tak, tak kwa mpigo uleule hata baada ya kubadilisha waya na tundu, chomoa. Mara nyingi ni vichwa vya kusomea vilivyoharibika, na kila dakika inayozunguka vinaweza kukwaruza sahani zilizobeba data.

4. Inasoma lakini inajikokota? Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, tazama mistari ya 05, C5 na C6, safu ya mwisho: ni hesabu za sekta (vipande vya diski) zilizoharibika au zinazotiliwa shaka. Sifuri ni salama. C5 ikipanda siku hadi siku, diski inakwenda.

5. NAKILI KWANZA, USIREKEBISHE. Hapa ndipo nilipoungua mie. Nilikuwa na video ya harusi ya Chake Chake, diski ikaanza kusuasua. Windows ikaniuliza kama nataka irekebishe makosa. Nikabonyeza ndiyo, nikaenda zangu kuswali Alasiri. Kurudi, folda ya harusi haipo. Ipo found.000, ndani yake FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, mstari mpaka chini, hakuna hata moja yenye jina. Mama wa bibi harusi mpaka leo ananiitikia salamu shingo upande. Ile chkdsk (ndiyo programu ya Windows inayorekebisha makosa) inatengeneza daftari la diski, haina habari na mafaili yako. Windows ikikuuliza kufomati, jibu HAPANA. Vuta vya lazima kwanza, upeleke diski nyingine. Ikikwama, ingia Linux utumie programu ya ddrescue: inachukua pazima kwanza, pabovu inarudi baadaye. Iandikie na faili la kumbukumbu, umeme ukikatika (na utakatika) utaendelea ulipoishia.

MASWALI

Kijana wa Mkoani: Haisomi. Msaada.
— Inazunguka? Inagonga? Waya umebadilisha? Hatua ya 1 ina maneno mawili, ami.

Mama Shangazi: Nimeshafomati. Picha zitarudi?
— Kama ni fomati ya haraka, usiweke kitu tena humo. Jaribu PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutika, na uhifadhi kwenye diski nyingine. Kama ni ile kamili iliyochukua masaa, pole dada. Imeandika sifuri juu ya kila kitu.

Mwalimu wa Wete: C5 yangu jana ilikuwa 8, leo 10. Sekta mbili tu zimeongezeka?
— Swali zuri, maalim. Programu hiyo huandika kwa mfumo wa kumi na sita: baada ya 9 inakuja A, na "10" yake ni 16 yetu. Kwa hiyo zimezidi mara mbili kwa usiku mmoja. Nakili leo. Ukitaka namba zetu za kawaida, zimo kwenye mipangilio yake.

Mtu wa Darajani: Mimi huitia kwenye friza, inapona.
— Na joto letu hili? Ikitoka inatoa jasho kama chupa ya soda. Weka samaki humo.

Mwalimu wa Wete: Nataka kuileta Unguja kwa boti. Niifungeje?
— Izungushie kanga mbili, uipakate. Usiitie kwenye begi la chini, na usiiwashe boti inapoyumba. Ukija niletee na karafuu kidogo za chai.