Modo wa Dodoma, uliza nauli ni ya nani kabla hujakata tiketi
Kwa wanamitindo mnaoitwa kazi Dar: kabla hujapanda SGR, mwandikie wakala WhatsApp, "Nauli na chumba anabeba mteja, au nitakatwa?" Usipige simu, unataka jibu lililoandikwa. Mawakala wengi hulipia gharama kwanza kisha huzikata kwenye malipo yako, mbali na kamisheni ambayo mara nyingi ni kama asilimia 20. Tuseme kazi ni ya shilingi 400,000. Kamisheni 80,000, SGR daraja la kawaida kwenda na kurudi 62,000, chumba 50,000, zile picha walizokupiga za kukutangaza 100,000. Unabaki na 108,000, na hapo hujala (kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, hata hatujaigusa). Ukiuliza mapema, wakala bado ana nafasi ya kuiweka nauli kwenye ankara ya mteja. Ukiuliza kazi ikishaisha, imekula kwako. Malipo yakija, omba mchanganuo wa makato mstari kwa mstari. Ukikuta "gharama za ofisi" bila risiti, hoji.

Mbinu hii haisaidii kama mkataba uliokwisha kusaini unasema gharama zote ni zako. Wala haiharakishi hela: mteja akikaa siku 60 au 90 bila kulipa, wakala naye atakwambia anasubiri. Na yale maonyesho ya hapa mjini ya kulipwa gauni badala ya hela, usijisumbue, hakuna cha kukata.