Kuendesha vifaa vidogo kwa umeme wa poti ya USB ya kompyuta

Redio ndogo, taa ya LED, feni ya mezani, bodi ya maikrokontrola: vyote vinaweza kula umeme kutoka poti ya USB bila betri wala adapta. Wanaokwama kwenye kazi hii mara nyingi hawakwami kwa sababu ya volti, kwani volti 5 zipo muda wote. Wanakwama kwenye ampea, na kwenye waya mwembamba ulio kati ya kompyuta na kifaa. Kwa hiyo piga hesabu kwanza, mkasi uje baadaye.

Poti inatoa kiasi gani

Kwa kiwango cha USB 2.0, kifaa kilichochomekwa tu kinaruhusiwa kuvuta miliampea 100. Kikishajitambulisha kwa kompyuta na kukubaliwa, kinaruhusiwa kufika 500. USB 3.0, ambayo mara nyingi plastiki yake ya ndani ni ya buluu, inaanzia 150 na kuishia 900. Zidisha kwa volti 5: unapata wati 2.5 kwa ya kwanza na wati 4.5 kwa ya pili. Poti za Type-C, zile ndogo za mviringo ambazo plagi huingia upande wowote, zinaweza kutangaza ampea 1.5 au hata 3, ila si kila kompyuta inafanya hivyo, kwa hiyo usipangie mradi wako juu ya ampea 3 kabla ya kusoma maelezo ya mashine yenyewe.

Taa au feni uliyoiunga kwa nyaya mbili tu haijitambulishi kamwe, maana haina chipu ya kuongea na kompyuta. Kwa mujibu wa kiwango ingepaswa kubaki ndani ya miliampea 100. Kiuhalisia, kompyuta nyingi hazifuatilii jambo hilo: volti 5 ziko wazi, na kinachozilinda ni fyuzi ya PTC, ile inayojirudisha yenyewe ikipoa, au chipu inayokata umeme mkondo ukizidi. Ndiyo sababu feni za USB zinazunguka bila shida. Lakini fyuzi moja huweza kuhudumia poti mbili zilizopandana, kwa hiyo mzigo wa poti ya jirani nao unahesabika. Na habu (kifaa kinachogawa poti moja kuwa matundu kadhaa) isiyo na adapta yake ni maskini zaidi: inapokea 500 kutoka kompyuta, inajilisha yenyewe, kisha inagawa 100 kwa kila tundu.

Kwa kifaa cha kuunga mwenyewe, kisizidi miliampea 400 kwenye USB 2.0 na 700 kwenye USB 3.0. Nafasi inayobaki ni ya mkondo mkubwa wa ghafla kifaa kinapowashwa.

Kifaa kinataka volti ngapi

Angalia maandishi kwenye adapta yake au hesabu betri.

Betri mbili za AA ni volti 3. Hapa usiunge volti 5 moja kwa moja. Kifaa kinaweza kuungua papo hapo. Weka regyuleta (chipu inayoshusha volti na kuzishikilia sawa) ya volti 3.3, ambayo kifaa cha betri mbili hukubali kwa kawaida kwa kuwa betri mpya mbili zenyewe hupita volti 3 kidogo.

Betri tatu ni volti 4.5, na zikiwa mpya kabisa hukaribia 4.8. Unga dayodi (kipitisha umeme upande mmoja tu) moja ya 1N4007 kwenye waya wa chanya, mstari wake ukielekea kwenye kifaa. Inameza volti 0.7 hadi 0.8, kinachobaki ni kama 4.2 au 4.3. Kwa kifaa cha betri tatu hizo zinatosha.

Betri nne ni volti 6, na hapa mara nyingi huhitaji kuongeza chochote. Vifaa hivi hutengenezwa viendelee kufanya kazi betri zikichoka, na betri nne za kuchaji zenyewe ni volti 4.8 tu. Jaribu volti 5 hivyo hivyo.

Kifaa cha volti 9 au 12 kinahitaji moduli ya kupandisha volti, kwa mfano ile ya chipu ya MT3608. Hapa ndipo watu hujidanganya: wanaona kifaa kinataka "ampea nusu tu" na kusahau kwamba volti zikipanda, mkondo unaotoka kwenye kompyuta nao unapanda. Fomula ni hii: volti za kifaa × ampea zake ÷ (5 × 0.85). Hiyo 0.85 ni ufanisi wa moduli, kwa makadirio ya kawaida. Kifaa cha volti 9 na miliampea 100 kitavuta kama miliampea 210 kwenye USB, sawa kabisa. Kifaa cha volti 12 na miliampea 500 kitavuta ampea 1.4. Hicho kitafutie adapta yake, poti ya kawaida haikiwezi.

Moduli ya MT3608 irekebishe kabla ya kuunga kifaa. Chomeka upande wa kuingia, weka multimita upande wa kutoka, zungusha skrubu ndogo ya shaba. Ikitoka kiwandani mara nyingi utazungusha raundi nyingi bila volti kubadilika. Usidhani imekufa, endelea kuzungusha kinyume cha saa hadi namba zianze kusogea.

Regyuleta ipi

Usitumie 7805. Inahitaji kama volti 7 kuingia ili itoe 5, na wewe unazo 5 tu. Kwa volti 3.3, AMS1117-3.3 inapatikana kirahisi, lakini inataka tofauti ya karibu volti 1.1 hadi 1.3 kati ya kuingia na kutoka. Kebo mbaya ikishusha umeme hadi 4.4, iko ukingoni. Ikiwa kifaa kinavuta chini ya miliampea 250, MCP1700 ni bora, maana inahitaji tofauti ndogo sana.

Joto nalo lihesabu: (5 − 3.3) × 0.3 ni wati 0.51 zinazogeuka moto kwa kila miliampea 300. AMS1117 itakuwa ya moto ukiigusa, na haipaswi kufungiwa ndani ya boksi dogo lisilopitisha hewa.

Weka kapasita ya mikrofaradi 10 upande wa kuingia na 22 upande wa kutoka. Usiwe mkarimu zaidi ya hapo upande wa USB. Kiwango kinaruhusu mikrofaradi 10 tu moja kwa moja kwenye volti 5, kwa sababu kapasita tupu ikichomekwa inavuta kama shoti kwa sehemu chache za elfu za sekunde. Ukiweka ya 1000, utaona kipanya kinakatika na kurudi kila unapochomeka kifaa chako.

Kwa LED peke yake huhitaji regyuleta, rezista inatosha: omu 330 kwa LED nyekundu (kama miliampea 9), omu 100 kwa nyeupe (kama 18). Kila LED na rezista yake.

Kukata na kuunga kebo

1. Chagua kebo fupi na soma maandishi ya ganda lake. Ukiona "28AWG/1P + 24AWG/2C", jozi ya data ni ya 28 na nyaya mbili za umeme ni za 24. Namba hiyo ya pili ndiyo inayokuhusu, na ikiwa ndogo ndiyo waya mnene. Ikisema 28 pande zote mbili, itumie kwa taa ndogo tu.

2. Kata upande wa kifaa, bakiza plagi ya Type-A, ile bapa pana inayoingia kwenye kompyuta. Menya ganda sentimita 3. Karatasi ya fedha na nyuzi za kinga zikate nyuma kabisa. Uzi mmoja ukigusa waya mwekundu ni shoti.

3. Kwa kawaida mwekundu ni volti 5, mweusi ni hasi, mweupe na kijani ni data. Usiziamini rangi kwenye kebo za bei rahisi. Ndani ya plagi kuna miguu minne: ya pembeni miwili ni ya umeme, tena ni mirefu kidogo ili iguse kwanza, ya katikati ni ya data. Chomeka plagi kwenye chaja ya simu, si kwenye kompyuta, na pima. Multimita ikionyesha alama ya kutoa, umegeuza.

4. Waya mweupe na wa kijani ukate kwa urefu tofauti na ufunike kila mmoja peke yake.

5. Kata waya mwekundu karibu na plagi na uunge katikati yake fyuzi ya PTC ya miliampea 500. Namba hiyo ni mkondo inaoubeba bila kukata. Kukata hukata kwenye kama ampea 1, na huchukua sekunde kadhaa. Ni ulinzi dhidi ya uzembe, haimaanishi una ruhusa ya kuzembea.

6. Ingiza mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto *kabla* ya kulehemu. Lehemu, funika, kisha funga kifundo kwenye kebo ndani ya boksi ili mvuto usifike kwenye lehemu. Kwenye kifaa cha betri, ungia kwenye vibati vya mwisho: upande wa springi ni hasi. Betri toa zote. Ukiziacha, USB itazisukumia umeme, na betri zisizo za kuchaji zitapata moto na kuvuja.

7. Pima omu kati ya nyekundu na nyeusi kwenye plagi. Ikikaribia sifuri, kuna shoti, rudi nyuma. Ikiwa salama, jaribu kwanza kwa chaja au pawabenki. Kompyuta iwe ya mwisho.

Pima kifaa kikiwa kinafanya kazi

Volti 5.1 kwenye plagi isiyo na mzigo hazikuambii kitu. Pima kwenye kifaa, kikiwa kimewashwa, kikifanya kazi nzito kuliko zote. Waya wa 28 una kama omu 0.21 kwa mita. Kebo ya mita 1.5 ina mita 3 za waya, kwenda na kurudi, sawa na omu 0.64. Miliampea 500 zikipita, volti 0.32 zinapotea njiani. Kwa waya wa 24, kebo hiyo hiyo inapoteza kama 0.13. Ongeza viungo vilivyolegea na fyuzi, utaelewa kwa nini bodi ya Wi-Fi inajiwasha upya kila inapoanza kurusha, au redio inakwaruza ukiongeza sauti. Fupisha kebo kabla ya kulaumu poti.

Ukipima mkondo kwa multimita, tumia tundu la ampea 10. Tundu la miliampea lina ukinzani unaoweza kuangusha volti kiasi cha kuzima kifaa unachokipima, na fyuzi yake inaungua kirahisi.

Feni na mota zina tabia yao. Wakati wa kuanza zinavuta mara kadhaa ya mkondo wa kawaida, na zikizimwa zinarudisha mpigo wa volti. Unga dayodi ya 1N5819 sambamba na mota, mstari wake upande wa chanya, pamoja na kapasita ya nanofaradi 100. Spika ikitoa mvumo inapopata umeme na sauti kutoka kompyuta moja, tatizo ni hasi mbili zinazofanya mduara. Ilishe spika kwa pawabenki na mvumo utakwisha.

Type-C ina masharti yake

Kifaa chenye tundu la Type-C kinapaswa kuwa na rezista mbili za omu 5,100, moja kutoka CC1 kwenda hasi na nyingine kutoka CC2 kwenda hasi (CC1 na CC2 ni miguu ya tundu ambayo poti hutumia kutambua kifaa). Bila hizo poti ya Type-C haifungui umeme kabisa. Dalili yake haikosei: kifaa kinawaka kwa kebo ya Type-A kwenda C, na kinabaki kimya kwa kebo ya C kwenda C. Usiunganishe CC1 na CC2 kwenye rezista moja ili kuokoa. Kebo zenye chipu ndani zitakukatalia.

Betri ya lithiamu, na vyanzo viwili

Seli ya lithiamu haichajiwi kwa volti 5 moja kwa moja. Inapitia chipu ya kuchaji inayosimama kwenye volti 4.2, kama TP4056. Moduli zake huja na rezista ya omu 1,200 iliyoweka mkondo wa ampea 1, ambao ni mwingi kwa poti ya USB 2.0. Badilisha iwe omu 3,000, utapata miliampea 400.

Kifaa kikiwa na adapta yake na pia USB, zisikutane kwenye waya mmoja bila kizuizi, la sivyo adapta itasukuma umeme ndani ya kompyuta. Dayodi ya Schottky ya 1N5817 kwa kila chanzo inatosha, kwa gharama ya kama volti 0.3 hadi 0.4.

Poti ikizima

Kifaa kikizimika kompyuta inapolala, ni mipangilio tu. Kwenye Windows fungua Device Manager, nenda USB Root Hub, kichupo cha Power Management, toa tiki ya kuruhusu kompyuta kuzima kifaa. Ukitaka umeme ubaki hata mashine ikiwa imezimwa, angalia BIOS (mipangilio ya bodi kuu inayofunguliwa kabla ya Windows): kipengele cha ErP, cha kuokoa umeme, kikiwashwa, kwa kawaida poti hazipati umeme.

Ujumbe wa mkondo kuzidi ukitokea, chomoa kifaa mara moja na usijaribu poti ya pili kabla ya kutafuta shoti. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, na kwa laptopu ambayo betri yake inatoka, itoe. Subiri dakika kadhaa fyuzi ipoe. Washa, chomeka kipanya unachojua ni kizima. Kikiwaka, poti imerudi. Kisipowaka, na poti jirani nayo haiwaki, fyuzi au chipu ya ulinzi kwenye bodi kuu imeondoka, na hiyo ni kazi ya fundi wa bodi.