Mtenda Kwanza: Namna ya Kupanga Sentensi ya Kiingereza

Abiria wa Likoni akisema, "Watu hawa feri imewaacha," kila mtu anamwelewa, ingawa walioachwa wametajwa kabla ya feri. Kitenzi ndicho kilichobeba mzigo: "i" inarejelea feri, "wa" inarejelea watu. Kiingereza hakina viambishi vya aina hiyo, kwa hiyo kazi yote imeachiwa nafasi ya neno. "The ferry left the people" ni sentensi kamili. Ukianza na "the people the ferry left," umesema tu "watu walioachwa na feri," na msikilizaji bado anangoja umalize.

Kabla ya kuandika, basi, jiulize ni nani anayetenda. Mtangulize yeye, kifuate kitenzi, kisha yambwa, yaani kinachotendewa, halafu mahali na wakati: "My aunt sells mahamri at Kongowea every morning." Kosa ninalolikuta mara nyingi katika barua za vijana wetu wanaoomba kazi hotelini ni kuchomeka wakati kati ya kitenzi na yambwa: "I finished last year my course." Kwa Kiswahili, "nilimaliza mwaka jana masomo yangu" hupita bila shida, lakini Kiingereza hutaka yambwa ishikamane na kitenzi chake: "I finished my course last year." Kiima nacho hakiachwi, "imefika" yetu hujitosheleza, ila kwa Kiingereza ni lazima useme "it has arrived."

Kauli ya kutendwa sisi huijenga kwa "w," kama jenga na jengwa. Kiingereza huijenga kwa kutanguliza kitenzi kisaidizi, kama "was," mbele ya kitenzi kikuu. "The Portuguese built Fort Jesus" na "Fort Jesus was built by the Portuguese" zote ni sahihi. Ukisimulia habari za Wareno, walioanza ujenzi huo mwaka 1593, chagua ya kwanza. Ukimwonyesha mgeni ngome yenyewe, ya pili yafaa zaidi, maana macho yake yako ukutani.

Katika barua ya kazi, hata hivyo, nakusihi usijifiche. "Breakfast was served by me" humsukuma mhudumu mwisho wa sentensi, ilhali "I served breakfast" humweka mbele ya anayeajiri. Ukimaliza kuandika, shika kalamu, upige mstari chini ya kila "was" na "were" inayofuatwa na neno kama "served" au "cleaned," kisha uulize nani alitenda. Ikiwa ni wewe, ianze upya sentensi hiyo kwa "I."