Kuingiza picha kwenye digiKam: tarehe, majina, na kadi isiyofutwa mapema

Picha elfu tatu zenye majina ya aina ya DSC_0417 hazipangiki mwaka mmoja baadaye. Zinapangika siku ile zinapotoka kwenye kadi, wakati bado unakumbuka ilikuwa harusi ya nani na programu inaweza kukuwekea majina na folda zote kwa mkupuo. Hapa tunatumia digiKam, programu huria isiyolipiwa, inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Menyu tunazitaja kama zinavyosomeka kwenye skrini.

Anza na saa ya kamera

digiKam hupanga kwa tarehe iliyoandikwa ndani ya faili la picha, na tarehe hiyo inatoka kwenye saa ya kamera. Kwetu kuna kosa ambalo vitabu vya maelekezo ya kamera havilijui: ni saa mbili asubuhi, mtu anaweka 2:00. Kamera inataka 08:00. Saa mbili usiku nayo ni 20:00. Ukiweka 2:00 asubuhi hiyo kwa hesabu ya Kiswahili, picha zote zinarudi nyuma saa sita: ngoma ya usiku inaonekana ilichezwa alasiri, na kila kilichopigwa kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili alfajiri kinaangukia siku iliyotangulia. Kosa jingine ni kuchanganya AM na PM, ambalo ni tofauti ya saa 12. La tatu ni kamera iliyokaa muda mrefu bila betri: inarudi kwenye tarehe ya kiwandani na haimwambii mtu.

Kamera zikiwa mbili au zaidi kwenye kazi moja, kabla ya kuanza piga kwa kila kamera picha ya saa ya simu moja, sekunde zikionekana. Picha hiyo itakuokoa baadaye. Teua picha zote za kamera yenye kosa, fungua Item, kisha Adjust Time & Date. Humo kuna sehemu ya kuonyesha picha ya saa na kuandika muda uliosomeka juu yake; programu inapiga hesabu ya tofauti yenyewe. Kwa kosa la saa za Kiswahili huhitaji hata picha hiyo, ongeza saa 6 tu.

Ukijua mapema kwamba saa ilikuwa mbovu, ingiza picha kwa majina yake ya asili, rekebisha muda, ndipo ubadilishe majina kwa F2. Ukifanya kinyume, tarehe mbovu itabaki kwenye jina la kila faili hata baada ya muda wa ndani kurekebishwa.

Mahali pa kuweka

Mara ya kwanza digiKam inauliza folda ya picha na mahali pa hifadhidata, yaani mafaili ambamo programu inatunza orodha ya picha na lebo zake. Picha zinaweza kukaa kwenye diski ya nje, lakini hifadhidata iache kwenye diski ya ndani ya kompyuta, hasa kama ni SSD, aina ya diski yenye kasi. Usiiweke kwenye folda ya mtandao, maana SQLite, aina ya hifadhidata inayotumika usipochagua nyingine, inaweza kuharibika huko. Diski ya nje iongeze kupitia Settings, Configure digiKam, Collections, chini ya kundi la diski zinazochomolewa. Ukiiongeza kama folda ya kawaida, siku Windows ikiipa herufi F badala ya E albamu zako zote zitaonekana zimetoweka.

Pima nafasi kabla. Picha moja ya RAW (faili ghafi la kamera, kabla ya kubanwa kuwa JPEG) ya megapikseli 24 huchukua takriban MB 25 hadi 30, kwa hiyo harusi ya picha 1,500 ni karibu GB 40. Kwa tundu la USB 2.0, linalopitisha kama MB 30 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya dakika 20 za kusubiri. Umeme ukikatika katikati, au mtu akagusa waya, utabaki na nusu ya kazi. Laptopu iwe na chaji.

Kuingiza kutoka kwenye kadi

Toa kadi kwenye kamera, tumia kisoma kadi. Waya wa kamera unakula betri ya kamera, na betri ikizima katikati mawasiliano yanakatika.

1. Chomeka kadi, fungua menyu ya Import, chagua kadi yako. Dirisha jipya litaonyesha picha zilizomo.
2. Kwenye mipangilio ya digiKam (si ya kamera yenyewe), ukurasa wa Cameras, sehemu ya Behavior, washa chaguo la kusoma metadata ya faili, yaani taarifa zilizoandikwa ndani ya picha. Inachelewesha kidogo, lakini bila hiyo programu inaweza kuchukua tarehe ya faili badala ya tarehe ya kupigwa.
3. Upande wa kulia, kwenye majina, weka tarehe kwa muundo yyyyMMdd-hhmmss, kisha mstari wa chini, kisha jina la asili la faili. MM kubwa ni mwezi, mm ndogo ni dakika. Ukizichanganya utapata picha za mwezi wa 47.
4. Washa uundaji wa albamu kwa tarehe. Kila siku itapata folda yake.
5. Chagua kupakua zile mpya tu. Ile amri ya kupakua na kufuta papo hapo isahau kabisa.

Matokeo ni jina kama 20240817-143205_DSC_4417.NEF (NEF ni RAW ya Nikon). Jina la asili tunaliacha kwa sababu mbili. Kamera ikifika 9999 inaanza upya 0001, hivyo namba peke yake hujirudia. Na ukipiga mfululizo, picha tano zinaweza kuwa ndani ya sekunde moja, hivyo tarehe peke yake nayo haitoshi. Kwa wanaopiga RAW na JPEG kwa pamoja, faili zote mbili zinabaki na jina moja na unaweza kuzifunga kuwa kundi.

Baadaye badilisha jina la albamu liwe tarehe na tukio: 2024-08-17 Harusi Bagamoyo. Mwaka ukitangulia, folda zinajipanga zenyewe. Fanya hivyo ndani ya digiKam, si kwenye kidirisha cha faili cha Windows.

Sasa kadi. Linganisha idadi ya faili kwenye kadi na zilizoingia, fungua picha kadhaa za mwanzo, katikati na mwisho kwa ukubwa wa asilimia 100, halafu tengeneza nakala ya pili kwenye diski nyingine. Picha ndogo inayoonekana vizuri haithibitishi kitu: mara nyingi inasomwa kutoka kipande kidogo kilichomo ndani ya faili, wakati picha yenyewe imekatika nusu ikaacha rangi ya kijivu chini. Nakala mbili zikithibitika, ifute kadi kwa kuifomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta.

Picha za simu na za WhatsApp

Kwenye Windows, simu ya Android inayounganishwa kwa waya haifanyi kazi vizuri moja kwa moja na digiKam. Nakili kwanza folda ya DCIM, inamokaa picha za kamera ya simu, kwenda folda ya muda, kisha ingiza kutoka hapo. Kwa iPhone, kwenye mipangilio ya Photos chagua kuhamisha faili za asili, vinginevyo simu inageuza HEIC, muundo wa picha wa iPhone, kuwa JPEG wakati wa kuhamisha na mara nyingine inakwama njiani. Simu iliyowekwa ibane nafasi kwa iCloud huenda haina picha kamili za zamani. Hizo zishushe kutoka iCloud.

WhatsApp ni shauri jingine. Inapunguza ukubwa wa picha na kuondoa tarehe na taarifa nyingine za ndani. Kinachobaki ni jina, mfano IMG-20240315-WA0012, na tarehe hiyo ni ya kutumwa au kupokewa. Adjust Time & Date inaweza kusoma tarehe kutoka kwenye jina; kagua safu ya tarehe mpya kabla ya kukubali. Zitenge kwenye albamu zake, zisichanganyike na za kamera. Anayekutumia picha ya maana mwombe aitume kama dokumenti: inafika nzima, na tarehe yake.

Kuchuja, kisha lebo

Usiweke lebo kabla ya kuchuja, utapoteza saa nzima ukizipa majina picha za macho yaliyofumba. Pita mara moja haraka: Alt+1 kwa zinazokataliwa, Alt+3 kwa zinazokubaliwa. Mara ya pili toa nyota kwa Ctrl+1 hadi Ctrl+5. Tatu zinatosha kwa wengi. Mwenye nyota tano kila mahali hana nyota.

Lebo ziwe na shina chache: Watu, Mahali, Tukio. Amua tahajia moja mapema, maana "Dar", "DSM" na "Dar es Salaam" ni lebo tatu tofauti machoni pa programu. Utambuzi wa nyuso unasaidia kwenye mkusanyiko mkubwa, ila uupe kwanza picha kadhaa za kila mtu zilizothibitishwa kwa mkono.

Hapa watu wengi hupoteza kazi ya miezi: lebo inaweza kukaa kwenye hifadhidata tu. Nenda kwenye mipangilio ya Metadata, hakikisha lebo, nyota na maelezo yanaandikwa. Kwa JPEG andika ndani ya faili. Kwa RAW chagua faili la pembeni la XMP, yaani faili dogo la maandishi linalokaa kando ya picha na kubeba lebo zake, ili faili la asili lisiguswe. digiKam huliita DSC_4417.NEF.xmp, ilhali Lightroom, programu ya picha ya Adobe, hutafuta DSC_4417.xmp; ukitumia zote mbili, washa chaguo la majina yanayooana na programu za kibiashara kabla hujaanza.

Kutafuta nakala zilizojirudia kunahitaji kwanza programu itengeneze alama za utambuzi za picha zote, kazi ya kuiacha usiku. Anza na ufanano wa asilimia 95 kwenda juu. Ukishuka sana, picha za mfululizo zote zitaitwa nakala. Unazofuta zinakwenda kwenye folda iliyofichwa ya .dtrash ndani ya mkusanyiko huohuo, ndiyo maana diski inabaki imejaa mpaka umwage taka ndani ya digiKam.

Nakala rudufu iwe ya folda ya picha pamoja na mafaili ya hifadhidata: digikam4.db, recognition.db na wenzake. Funga programu kwanza ndipo unakili, na diski ya nje itoe kwa amri ya mfumo kabla ya kuchomoa waya.